Ndege Aliyeitwa Mdoezi

Ndege huyu nilimtambua kabla sijamwona. Nilikuwa nimekaa eda ya mume wangu kijijini Ndagoni, ndani ya ua wa makuti usiopitisha hata jicho, na mama mkwe wangu alikuwa pwani na miguu yake majini. Yeye aliona, mimi niliuliza. Hadi leo nikimkuta ndege yule kwenye fungu la mchanga, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa mtu aliyenuna, mimi husema alhamdulillahi kwa sauti, na wanawake ninaofuatana nao wameshazoea. Wanajua nina deni la shukrani naye.

Mimi si mtu wa pwani. Nimezaliwa Kirongwe, kwenye mikorosho na minazi, na ingawa kisiwa chetu ni kidogo na bahari imekizunguka, kwetu tuliifuata pale tu tulipokuwa na haja nayo. Niliolewa Ndagoni na mwanamume mpole aliyefanya kazi kwenye boti. Watu wa kule walinicheka kwa mengi: sijui maji yanapwa lini, navaa ndala mwambani, namsafisha pweza kama ninayefua shuka. Mume wangu peke yake hakucheka, au akicheka alikwenda kuchekea nje. Mtoto hatukujaaliwa. Kisha akaugua, tukampeleka Kilindoni hospitali, na tukarudi naye akiwa amefunikwa.

Nikabaki na mama yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, mjane tangu zamani, na kila bamvua, maji yanapokwenda mbali, alishuka na chuma chake kuchokoa pweza na kuokota chaza. Msiba haukumzuia. Wiki ile ile ya matanga kumalizika alijifunga kanga kiunoni akashuka, na akirudi alipika, akanipakulia, akaniwekea sahani mbele. Jiko hakutaka niliguse. Mbele yangu hakulia hata mara moja, na mimi niliyekuwa nalia mpaka na kuku wananitazama nilijiona kama namfanyia kelele nyumbani kwake.

Kaka yangu alikuja kunitazama kwa bodaboda kutoka Kirongwe. Alikaa juu ya mkeka, kofia mkononi, akasema alilokuja nalo.

"Eda ikiisha nakuja kukuchukua. Hapa huna mtoto, huna shamba. Utakaa kwa kipi?"

Alisema kwa wema, maana kaka yangu ni mtu wa kukata mambo mapema ili yasimuume baadaye. Mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa ua anakatakata pweza, na kisu chake kilinyamaza kidogo, kisha kikaendelea. Sikujua kama alisikia yote au alikuwa anatafuta pa kukata.

Nami nilitaka kubaki. Nilitaka sana. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa na msumari ambao mume wangu alitundikia shati lake, na mama yule ndiye mtu pekee duniani aliyekunja paji la uso kama yeye. Lakini mjane asiye na mtoto haombi kubaki. Huombwa, au huenda kwao. Mkwe wangu hakuwa amesema neno, si la nenda wala la kaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Mimi siku ya tatu ilipita zamani, na kila siku napewa sahani tu. Nikahesabu kwamba bado mgeni, na mgeni ana siku ya kuondoka.

Siku chache baada ya kaka kuondoka, mkwe wangu aliingia kwa mlango wa nyuma, kapu kichwani, anacheka peke yake.

"Leo nimemwona mdoezi," akasema.

Nikamuuliza mdoezi gani, nikidhani ni mtu.

"Ndege. Wapo ndege wanakuja huku kusi likikatika. Weupe, mgongo mweusi, wanakula kaa. Basi yuko mwengine wa kijivujivu, kamwandama mmoja nyuma nyuma. Mweupe akikamata kaa, yule keshafika, keshafungua mdomo. Na analishwa! Mkubwa sawasawa na mwenziwe. Mdoezi yule hana haya."

Akaenda zake kuosha pweza, na mimi uso ukanipanda moto. Asiye wa pwani pengine hatanielewa, lakini kwetu mtu hasemwi moja kwa moja. Husemewa paka, husemewa kuku, huvaliwa kanga yenye maneno na kupitiwa nayo mlangoni mara mbili. Nami nilikuwa mtu mzima nisiyepika, nisiyevua, ninayekaa nikiletewa chakula na mama wa watu. Kijivujivu, hata kanga zangu za eda zilikuwa zimechujuka. Nilisadiki kwamba nimesemwa. Mchana ule nilikula kidogo, nikasema nimeshiba.

Bamvua zikafuatana na habari za mdoezi zikaendelea. Leo mdoezi kanyakua mguu wa kaa mdomoni mwa mwenziwe. Leo mdoezi kapiga mbinja mpaka kapewa. Mkwe wangu alisimulia kwa raha, hajawahi kunisimulia kitu kwa raha namna ile, na kila akisimulia mimi nilipunguza tonge. Mwisho nikaanza kumwonea huruma yule ndege kuliko nafsi yangu. Nilisema moyoni, haiwezekani ndege mzima alishwe bure na mwingine, lazima kuna sababu, na sababu hiyo nitaitafuta nimwekee mama huyu mezani. Mimi ni mbishi. Hasira yangu haina kelele, lakini ina maswali mengi.

"Mama, huyo mweupe si yangeyange?" nikamuuliza.

"Yangeyange gani ana mgongo mweusi? Na yangeyange wenu hufuata ng'ombe. Baharini umeona ng'ombe?"

"Basi membe."

"Membe ana miguu mifupi, tena huelea juu ya maji. Huyu hutembea. Anatembea, anasimama, anatazama, kisha mbio, kisha anachoma. Ah, wewe mkamwana, unamtakia nini ndege wa watu?"

Nikasema naongeza elimu. Akaguna.

Nilimpa simu yangu ashuke nayo. Nilimwonyesha pa kubonyeza, akaifunga katika pindo la kanga, na jioni akanirudishia. Kulikuwa na picha ya mchanga, picha nyingine ya mchanga, kidole gumba chake, na anga tupu ambayo aliitetea kwa nguvu, akasema walikuwa hapo hapo, wameruka tu. Siku ya pili akaleta maji na kivuli chake. Siku iliyofuata, Mungu si Athumani, katikati ya ukungu wa picha iliyotikisika nikawaona: mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, na nyuma yake mwingine, rangi kama imefifia, shingo kainyosha.

Nikanunua bando nikaanza kutafuta. Ndege wanaotembea kwenye maji ya kupwa ni wengi kuliko nilivyodhani, na wengi wanakuja kwetu kutoka mbali, wakikimbia baridi ya kwao. Vitwitwi, vile vidogo vya pwani, peke yake vilinitia kizunguzungu, maana vinafanana, kilichozidi kimezidi kidogo. Nikaona nisifuate rangi, nifuate mdomo. Mdomo wa wengi wao ni sindano, wa kuvuta vijidudu matopeni. Wa huyu wangu, hata katika picha ile mbovu, ulikuwa koleo.

"Mama, miguu yake rangi gani?"

"Rangi ya miguu."

"Rangi gani hasa?"

Akafikiri, kisu mkononi. "Majivu yenye buluu."

"Na maji yakijaa huenda wapi?"

"Hukusanyika kwenye fungu, wote pamoja. Wamesimama kimya, vichwa chini, utasema wamo msibani."

Akaweka kisu chini. Kisha akasema chumvi imekwisha, akatoka.

Nilimpata kwenye simu siku hiyo hiyo. Ilikuwa picha ya ndege yule yule, safi, kila unyoya unaonekana, na chini yake maelezo ya Kiingereza niliyoyasoma polepole kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikisaidiwa na tafsiri ya simu pale kilipokata. Anakula kaa, na jina lake kwa lugha hiyo linamtaja kaa. Huzaa kaskazini, pwani za Uarabuni na za upande wa Somalia, penye mchanga wenye joto. Hajengi kiota juu ya ardhi. Huchimba shimo refu mchangani akaingia ndani kutaga, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Yai kwa kawaida ni moja. Kinda hulishwa mle shimoni, na akishaweza kuruka husafiri na wakubwa mpaka huku kwetu, na akiwa huku, mkubwa wa mwili hivyo hivyo, bado huendelea kulishwa na mzazi wake kwa miezi, kwa sababu kumkamata kaa ni kazi ya kujifunza. Rangi ya kinda ni ya kijivu.

Nililia na kucheka kwa pamoja, tena kwa ushindi. Mkwe wangu alipoingia na kapu lake hata hajalitua nilikuwa nimesimama.

"Mama, yule si mdoezi. Ni mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Yule wa kijivu. Mtoto wa yule mweupe."

"Mkubwa vile? Kuku vifaranga wake wakikua huwadonoa wakatafute wao. Mtoto mkubwa vile alishwe?"

"Huyu si kuku, mama. Kasafiri naye kutoka Uarabuni. Hajui bado kukamata kaa."

Nikamsomea, nikikiweka Kiswahili changu juu ya Kiingereza kadiri nilivyoweza. Alitua kapu. Nilipofika kwenye shimo la mchangani alitikisa kichwa, akasema Mungu ana mambo. Kisha akauliza, "Mayai mangapi?"

"Moja."

"Moja tu?"

"Moja."

Akavuta mbuzi ya kukunia nazi akaikalia, ingawa hakukuwa na nazi ya kukuna.

"Kama mimi," alisema.

Hapo ndipo alipolia. Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee, hilo kila mtu alilijua, lakini nadhani mama mwenyewe hakuwa amelitamka tangu siku ya mazishi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikaa chini karibu naye nikashika mguu wake uliojaa matope makavu, na tukalia pamoja kwa mara ya kwanza, na sikujiona tena kuwa nampigia kelele.

Alipotulia alijifuta kwa pindo la kanga, akaanza kucheka. "Na mimi miaka yote namtukana mtoto wa watu."

Nikaona nisipolitoa pale litaniozea moyoni. Nikamwambia nilidhani ananisema mimi.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Ningetaka kukusema ningekusema, mdomo ninao. Mimi nikisema ndege, nasema ndege." Kisha akakunja paji la uso, lile paji. "Ndiyo maana huli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Astaghfirullah," akasema, akainuka. Akapakua wali na pweza wa nazi, sahani imejaa, akaniwekea, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Nilikuwa na njaa ya wiki nyingi. Wakati nakula aliniambia kwa nini anawatazama wale ndege sana. Boti aliyofanyia kazi mwanawe inafungwa pale pale kila siku. Akiinua macho anaiona. Akiinamisha, anaona mashimo ya pweza na mawazo yanamjia. Ndege wapo katikati, basi huwatazama wao.

Nilimshukuru Mungu usiku ule kwa moyo mmoja. Hata hivyo jambo langu lilikuwa bado pale pale. Habari ya kubaki au kwenda hakuigusa, na kaka yangu hakuwa mtu wa kusahau alichoahidi. Tena maelezo yale ya kwenye simu hayakusema kinachotokea kinda akishajua kukamata kaa. Nilitafuta, sikupata. Wa kuku nilijua yanayompata: hudonolewa aende zake.

Kuanzia hapo, akirudi pwani, nilikuwa namuuliza kabla salamu haijakauka, "Leo kalishwa?" Naye hujibu, "Kalishwa." Baadaye majibu yakaanza kubadilika. Siku moja alisema, "Leo kajaribu mwenyewe. Kaa kamshika mdomo, kakimbia nusu ya pwani." Tulicheka sana, na ndani yangu kitu kikawa hakicheki. Nilitamani asijifunze upesi.

Eda ikaisha. Wanawake wa jirani walikuja, nikaoga, nikavalishwa nguo mpya, nikafukizwa udi, wakanisomea dua. Asubuhi iliyofuata nikasikia pikipiki mlangoni. Kaka yangu alikuwa amekuja na kamba ya kufungia mzigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu chai."

Alimwandalia chai na mihogo barazani. Kisha akamwambia bila kumtazama, "Utatungoja kidogo. Maji yanapwa. Nataka akamwone ndege wake."

"Ndege?" kaka aliuliza. Alinigeukia mimi, na mimi nikatazama pembeni.

Tulishuka. Baada ya kukaa ndani muda wote ule, mwanga ulinipiga usoni mpaka nikajikinga kwa kanga. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, yameacha mchanga wenye mawimbi madogo, majani ya bahari na vidimbwi. Niliiona boti, imelala ubavu. Moyo uliniuma kama nilivyojua utaniuma, na mkwe wangu alinishika kiwiko akanigeuza upande mwingine. "Wale kule," akasema.

Nilimjua papo hapo. Miguu ya majivu yenye buluu. Mdomo wa koleo. Alitembea, akasimama, akatazama, akatoka mbio, akachoma, kama nilivyoambiwa. Walikuwa wengi, wametawanyika, na mmoja alikuwa na wa kijivu nyuma yake. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu aliyemjua kwa simu tu.

Tulisimama. Yule wa kijivu alikuwa haombi. Alikuwa anatazama mchanga. Ghafla akatoka mbio, akachoma, akainuka na kaa mdomoni. Kaa akampiga kwa magando. Ndege akamtupa chini, akamdonoa, akamshika tena, akamtikisa mpaka miguu mingine ikakatika, akammeza. Nami nikamtazama mama yake. Nilikuwa nangoja amdonoe, au aruke amwache, maana kazi imekwisha. Mweupe alisimama pale pale. Kisha akapiga hatua, akaendelea na pwani yake, na wa kijivu akamfuata.

"Kashajua," alisema mkwe wangu.

Nilikuwa bado nawafuata kwa macho.

"Na bado yupo na mamaye."

Akaingiza mkono ndani ya kapu akatoa vyuma viwili vya kuchokolea pweza. Kimoja nilikijua, kimelika kwa miaka. Cha pili kilikuwa na mpini mpya, mweupe, haujashika hata jasho.

"Mpini kautia fundi wa boti. Nimemwambia autie mrefu, wewe umenizidi kimo." Akanipa. "Mwenye eda haulizwi mambo ya kesho. Ndivyo nilivyofunzwa, na mimi nimengoja iishe. Kaka yako nilimsikia siku ile. Kasema kweli, mtoto huna na shamba huna. Mwambani je, si shamba? Mimi nazeeka na pweza hawazeeki. Ukitaka kwenda kwenu nenda, sitakununia. Lakini ukitaka kukaa, kaa."

Kumbe siku zote zile alikuwa ananyamaza kwa adabu, na mimi nilikuwa nasikia kufukuzwa. Nilitaka kusema maneno mengi ya shukrani. Nikasema tu, "Nakaa, mama."

"Basi vua ndala," akasema.

Alinionyesha shimo la pweza linavyojulikana, kwa maganda ya kaa na vijiwe ambavyo pweza huvipanga mlangoni. Wangu wa kwanza alinikimbia akaniachia wino mguuni. Yeye alipata wawili wakubwa. Ndege hawakutuogopa, walikula kaa zao karibu nasi mpaka maji yalipoanza kurudi.

Kaka yangu alikuwa amesinzia barazani. Alipoamka aliitazama miguu yangu yenye matope, akatazama chuma mkononi mwangu, akamtazama mkwe wangu, na nikaona ameelewa. Hata hivyo yeye ni mtu wa kumaliza alichokuja nacho.

"Sasa," akasema, anakunjua kamba yake, "mzigo uko wapi?"

Mkwe wangu aliwatia pweza wote wawili katika mfuko, akaufunga, akauweka mwenyewe juu ya keria ya pikipiki.

"Mzigo wako huu hapa," akasema. "Wasalimie Kirongwe."